Je, Wajua? Mabati Hayana Bati

Simama juu ya kilima chochote kati ya Kayanga na Nkwenda, mkoani Kagera, saa tano za asubuhi, jua likiwa limeshapanda, uangalie bondeni. Katikati ya migomba utaona mapaa yanametameta. Mwulize mtoto aliye karibu ni nini kile, atakujibu bila kufikiri: mabati. Fundi atasema hivyohivyo, na diwani pia. Kwa Kiswahili wako sahihi. Kwa kemia wamekosea wote.

Bati la paa ni karatasi ya chuma iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa ili isipate kutu. Yale ya siku hizi mara nyingi huongezwa alumini, kisha hupakwa rangi. Bati lenyewe, elementi namba 50, alama yake Sn, halimo hata chembe. Ukitaka kuliona bati la kweli, chukua kopo la nyanya au la maziwa ya unga: ndani ya chuma kuna ngozi ya bati nyembamba kuliko unywele, iliyowekwa ili chakula kisikutane na chuma. Au mtazame fundi redio akilehemu waya. Ule uzi wa fedha unaolainika kwenye ncha ya pasi yake, sehemu kubwa ni bati.

Kinachochekesha ni kwamba wilaya za Karagwe na Kyerwa ni miongoni mwa sehemu chache za Tanzania zenye madini ya bati ardhini. Mchimbaji mdogo wa Kyerwa anashinda akichimba bati halisi, na usiku analala chini ya mabati yasiyo na bati.

Kwa nini si dhahabu?

Aliyebeba karai akidhani anakwenda Kyerwa kutafuta dhahabu, asome hapa kwanza. Mkoa wa Kagera una dhahabu, lakini iko kusini, upande wa Biharamulo. Mgodi wa Tulawaka ulianza kuzalisha mwaka 2005, na mwaka 2013 ukachukuliwa na shirika la umma la STAMICO na kuitwa Stamigold. Miamba ya huko ni ya ukoo mmoja na ile ya Geita: mikongwe mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu.

Karagwe ni habari nyingine. Miamba yake ni michanga zaidi, na jina la Karagwe limo katika vitabu vya jiolojia duniani kote: ukanda mzima unaopita hapa, Rwanda, Burundi na kusini-magharibi mwa Uganda huitwa Karagwe-Ankole. Takriban miaka bilioni moja iliyopita matale yalipanda kutoka chini yakiwa bado ya moto, yakasukuma majimaji yenye madini ndani ya nyufa za miamba ya juu. Majimaji yalipopoa yakaacha mishipa ya mawe meupe, ulanga unaong'aa, na humohumo punje nyeusi za kasiteriti, ambayo ni bati lililoungana na oksijeni. Wakoloni walilitambua mnamo miaka ya 1920, na kwa muda mrefu kampuni ya Kyerwa Syndicate ilikuwa mchimbaji mkubwa wa eneo hilo. Leo kazi hiyo iko mikononi mwa wachimbaji wadogo, wenye sululu, moko na nyundo.

Ulanga nao umewaponza wengi. Unang'aa kama dhahabu jua likiupiga. Dawa yake ni rahisi: utie ndani ya maji uyazungushe. Ulanga utacheza, utaelea, utaondoka na maji. Dhahabu haichezi. Inajibanza chini pembeni kama mtu anayedaiwa.

Nusu lita, watu watatu

Jaribu hesabu hii. Chukua kipande cha jiwe jeupe la kawaida, kigumu, chenye ujazo wa nusu lita. Kitakuwa na uzito wa takriban kilo 1.3. Kasiteriti safi ya ujazo huohuo itafika kilo 3.5. Dhahabu itakaribia kilo 10, na mtu asiyejiandaa ataiangusha kwenye vidole vya miguu.

Ndiyo maana mchimbaji wa bati mzoefu hakimbilii kutazama rangi. Anaokota jiwe jeusi, analirusha kidogo kiganjani, analidaka. Mkono unajua kabla ya jicho. Karibu asilimia 79 ya uzito wa kasiteriti safi ni bati tupu, kwa hiyo kinachomlemea kiganjani ndicho atakachouza.

Karai, na elimu ya kuosha mchele

Je, wajua kwamba aliyewahi kuosha mchele wenye mawe ameshafuzu nusu ya elimu ya kuchenjua madini? Unamimina mchele na maji kutoka sufuria moja kwenda nyingine, polepole, huku ukitikisa. Mchele unakwenda na maji, vijiwe vinabaki chini. Hakuna aliyekufundisha fizikia, ila mkono wako unaitumia.

Maji hukipunguzia kila kitu uzito, lakini hayapunguzi kwa haki. Jiwe jeupe ni zito mara 2.65 kuliko maji. Likizama, maji yanalibeba kiasi, na uzito unaohesabika unabaki 1.65. Kasiteriti yenye karibu 7 inabaki na 6. Dhahabu yenye 19.3 inabaki na 18.3. Sasa gawanya: dhahabu ndani ya maji inalishinda jiwe jeupe mara 11, na kasiteriti inalishinda mara 3.6. Wahandisi wa madini husema ukivuka 2.5 kazi ni nyepesi. Hivyo bati linakamatika kwa karai, ila halina huruma kwa mwenye papara. Mtafuta dhahabu anaweza kuzungusha maji kwa fujo na bado akabaki na kitu. Wa bati akifanya hivyo, mali imeshakwenda mtoni.

Ukitaka kujitengenezea vifaa, si lazima uagize chochote kutoka ng'ambo. Karai la fundi mwashi linatosha kuanzia, lenye kina na ukingo uliolala. Lakini lisafishe. Mimi nilijifunzia kwenye karai lililostaafu kukaanga maandazi, nikalisugua kwa jivu nikaona limetakata. Nikatia mchanga na unga wa chuma wa tupa kama mtihani, nikatikisa, na ule unga ukaanza kuogelea juu ya maji kama vile hauna uzito kabisa. Mafuta. Chembe ndogo yenye mafuta hushikwa na ngozi ya maji na haizami, hata ikiwa dhahabu. Tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo lilimaliza ubishi. Tangu siku hiyo karai langu halijarudi jikoni, na jikoni hakuna aliyelililia.

Baada ya karai ni mfereji wa mbao. Kwenye machimbo ya Kanda ya Ziwa pahali pa kuoshea huitwa mwalo. Mvuvi wa Kemondo akisikia hivyo atashangaa, maana kwake mwalo ni pale mitumbwi inapofikia, lakini neno limehama majini likapanda machimboni na hakuna aliyelidai kodi. Mfereji mdogo wa mtu mmoja unaweza kuwa na urefu wa mita moja na nusu na upana wa sentimita 30, kuta za sentimita 15. Mwenye kuujua mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe aufikirie huo, ila uliokatwa ncha zote mbili. Chini tandika zulia kuukuu lenye manyoya mafupi. Juu ya zulia piga vibanzi vya mbao vilivyokaa mkingamo, kila kimoja na mwenzake umbali wa kiganja. Maji yakivuka kibanzi yanazunguka nyuma yake, na katika mzunguko huo mchanga mwepesi unanyanyuka na kuendelea na safari, na kizito kinashuka kwenye zulia.

Badala ya vibanzi unaweza kutandika kipande cha bati la migongo. Naam, lile lile la paa. Mikunjo yake hufanya kazi ya kibanzi. Bati lisilo na bati linakamata bati.

Mwinamo ndio unaowashinda wengi. Kwa dhahabu, kanuni ya watafutaji wa siku nyingi ni kushuka kama sentimita 8 kwa kila mita moja ya mfereji. Kwa bati anza chini ya hapo, kisha pandisha kwa kuongeza kijiwe kimoja kimoja chini ya mguu wa nyuma, mpaka uone mchanga mweupe unatembea na mweusi umesimama. Na udongo uchekeche kwanza. Kokoto kubwa likiingia kwenye mfereji linachimba shimo kwenye maji, na kila kilichokuwa kimetulia kinaamka.

Utajuaje kwamba mfereji wako unakamata? Watafuta dhahabu hutumia vipande vya risasi, ile ya chubwi za wavuvi: hesabu 20, zichanganye na mchanga, osha, hesabu tena. Kwa bati, risasi ni nzito mno na itakudanganya kwamba mambo ni mazuri. Tumia misumari midogo iliyokatwakatwa. Chuma ni kizito mara 7.9 kuliko maji, jirani wa karibu wa kasiteriti. Tena misumari ina faida: ile iliyotoroka unaifuata kwenye marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa, kwa sumaku. Katika jaribio langu la kwanza nilitia 20 nikapata 11. Nilipunguza mwinamo, nikapunguza na maji. Jaribio la tatu nikapata 18. Ile miwili iliyobaki nadhani imo kwenye zulia hadi leo.

Spika mbovu ina kazi

Baada ya kuosha unabaki na mchanga mweusi, na si wote ni mali. Humo mna magnetiti, yaani oksidi ya chuma, yenye uzito mara 5.2 ya maji. Rudia ile hesabu: ndani ya maji kasiteriti inaishinda magnetiti mara 1.4 tu. Maji hayawezi kuamua kesi hiyo hata uoshe mpaka Magharibi.

Hapo ndipo spika ya redio iliyokufa inapofufuka. Vunja, toa ile sumaku ya duara nyuma, ivalishe mfuko wa nailoni. Ipitishe juu ya mchanga mkavu uliotandazwa kwenye karatasi. Magnetiti itaruka na kung'ang'ania mfuko. Ukitaka kuiondoa, chomoa sumaku kutoka ndani ya mfuko na mchanga utadondoka wenyewe. Asiyevalisha mfuko atakaa jioni nzima akiikwangua sumaku kwa kisu, na nimemwona mtu akifanya hivyo.

Na zile punje zinazobaki, ni kasiteriti au ni kitu kingine cheusi? Kuna jaribio la zamani la maabara ambalo ni tamu kwa sababu linaturudisha kwenye paa. Weka punje juu ya kipande cha zinki, dondoshea asidi hidrokloriki iliyopunguzwa makali, subiri dakika kadhaa. Asidi ikila zinki inatoa hewa ya hidrojeni, na juu ya punje ya kasiteriti unajengeka utando wa kijivu-fedha: bati halisi, limezaliwa mbele yako. Punje ya magnetiti haipati utando huo. Zinki yenyewe utaipata kwenye gamba la betri ya kawaida ya tochi, ile ya bei nafuu. Fanyia nje penye upepo, mbali na moto, macho yakiwa yamekingwa. Asidi haina mzaha na hidrojeni inalipuka.

Zebaki haina kazi hapa

Hili wengi hawalijui. Mchimbaji wa dhahabu huishika dhahabu kwa zebaki kwa sababu dhahabu ardhini ni metali tupu, na zebaki huishikilia. Kasiteriti si metali tupu, ni oksidi. Ukimimina zebaki juu yake zitatazamana tu. Kwa hiyo sumu iliyosababisha mataifa kukaa pamoja na kuandika Mkataba wa Minamata mwaka 2013 haina hata sababu ya kuingia kwenye mwalo wa bati. Anayeuza zebaki kwa mchimbaji wa bati ni tapeli wa waziwazi.

Kuitoa metali ndani ya kasiteriti kunahitaji mkaa na moto mkali, ili kaboni iinyang'anye oksijeni. Lakini bati likishatoka, huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, joto ambalo jiko la mkaa la nyumbani linalifikia bila kupuliziwa. Tena bati lina sauti. Ukikunja ufito wake safi karibu na sikio utasikia unalia, mlio wa kukwaruza, kwa sababu fuwele zake zinateleza ghafla ndani kwa ndani.

Sheria ya Marekani kwenye kilima cha Kyerwa

Je, wajua kwamba sheria iliyosainiwa Washington mwezi Julai 2010 ilimfikia mtu mwenye sululu huku? Inaitwa Dodd-Frank, na kwa jumla ilihusu mabenki. Lakini kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani zieleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au nchi inayopakana nayo. Tanzania inapakana na Kongo katikati ya maji ya Ziwa Tanganyika. Kutoka Kyerwa hadi huko ni safari ndefu, na katikati zipo nchi nyingine, lakini mpaka ni mpaka. Bati la Kyerwa likawa linahitaji karatasi za kuonyesha limetoka shimo gani. Viko pia vyeti vya ICGLR, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu yenye makao makuu Bujumbura, vinavyohusu madini hayohayo manne.

Hapa nyumbani nako kuna sheria, na mwenye kufanya jambo hili kama burudani ya Jumamosi aijue. Madini ni mali ya Jamhuri hata yakiwa chini ya migomba ya babu yako. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kuchimba kunahitaji leseni. Ile ya uchimbaji mdogo hupewa Watanzania peke yao na hudumu miaka saba. Na tangu mwaka 2019 serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini, Geita ikitangulia mwezi Machi, bati nalo lina soko lake wilayani Kyerwa. Mfereji wako wa mbao unaweza kuujaribu uani kwa misumari na mchanga wa kujengea mpaka uchoke, na hakuna atakayekuuliza.

Umeme wa bati

Ukifika Murongo, mpakani, ng'ambo ya Mto Kagera ni Kikagati ya Uganda. Pale kuna kituo cha umeme wa maji cha megawati 14 ambacho Tanzania na Uganda zinagawana. Kabla yake kilikuwapo kingine kidogo, kilichojengwa enzi za ukoloni ili kuendeshea machimbo ya bati ya upande ule. Maji ya Kagera yalifanya kazi ya bati kabla ya kuwasha balbu nyingi za vijijini.

Na simu iliyo mkononi mwako, kama ilitengenezwa baada ya Julai 2006, Ulaya ilipopiga marufuku risasi kwenye vifaa vya kielektroniki, basi lehemu iliyoshikilia vipande vyake karibu hakika haina risasi. Mchanganyiko unaotumika sana ni bati asilimia 96.5, fedha 3, shaba nusu. Mchimbaji anayepiga simu kuulizia bei ya kilo anaisikilizia bei ya bati kupitia bati.

Ngoma ya Rumanyika

Nimesema sana juu ya uzito, na siwezi kuiacha Karagwe bila kutaja kisa kilichoshangaza wageni wake. Mwezi Novemba 1861 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Omukama Rumanyika, ambaye ikulu ya ukoo wake ilikuwa Bweranyange. Ilikuwa nchi ya wafua chuma. Miongoni mwa vyombo vya heshima vya wafalme wake mlikuwa na nyundo za chuma na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma hichohicho. Grant alikuwa na kidonda cha mguu kilichogoma kupona, akabaki Karagwe kwa miezi kadhaa mwenzake alipoendelea kwenda Buganda.

Speke alisimuliwa jinsi Rumanyika alivyopata kiti, akaiandika habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1863. Baba yao alipofariki, ndugu watatu walikigombea. Wazee wa ikulu wakaweka mbele yao ngoma moja ndogo iliyofanyiwa dawa, wakawaambia wainyanyue. Wawili wakahangaika nayo, wakatoka jasho, haikutikisika. Rumanyika akaja akainyanyua kwa kidole cha mwisho.

Ngoma yenyewe, anasema Speke, ilikuwa nyepesi kama unyoya.